Mpira Ulikuwa Umeshakwenda

Changamwe, Jumamosi 3 Aprili 1948

Leo nimechaguliwa karani wa Kamati ya Rafu ya Ligi ya Bara. Si kwamba walinipenda. Katika watu thelathini waliokuwa mle chumbani, mimi peke yangu ndiye niliyekuja na kalamu.

Kazi yenyewe ni hii. Timu za upande wa bara, nje ya kisiwa, za Likoni, Kisauni, Mkomani na za huku kwetu, hucheza Jumamosi. Mtu akimuumiza mwenzake kwa ubaya, Jumatano huletwa mbele ya kamati akahojiwa. Wajumbe watatu wanaamua, mimi naandika.

Mwenyekiti ni Absalom Ngowa, nyapara mkuu wa vibarua katika bohari ile ile ninayofanyia ukarani, mzee wa kanisa, na tena mlezi wa timu ya Nyota ya Changamwe. Kwa hiyo mlezi wa Nyota ndiye atakayewahukumu Nyota. Nilitazama huku na huku nione nani atacheka. Hakucheka mtu. Wa pili ni Mzee Nguma wa Kisauni, mchuuzi wa nazi, ambaye naona amekubali ujumbe kwa ajili ya chai. Wa tatu ni Bwana Mwinyihaji wa Mkomani, fundi wa cherehani, mtu wa salamu ndefu: kabla hajamaliza kukuuliza hali ya nyumbani kwako, nyumbani kwako hali imeshabadilika.

Nimemwambia mke wangu Kafedha habari hizi. Ameuliza kama kamati ina faida yoyote. Nimemwambia ina heshima. Akarudi jikoni.

Jumatano 7 Aprili

Kikao cha kwanza, saa kumi na moja jioni, katika darasa la watoto wadogo. Madawati ni ya watoto. Ngowa aliketi magoti yakamfika kidevuni, na katika hali hiyo akafungua kikao kwa sala.

Mshtakiwa ni Musyoka, beki wa Nyota, Mkamba wa Kitui, mbeba magunia katika genge la Ngowa, wale anaowaita kazini langoni kila asubuhi. Ni pande la mtu. Timu nyingine zote hucheza miguu mitupu. Nyota peke yao wana viatu vya njumu, walivyotafutiwa na mlezi wao. Jumamosi alimkanyaga goti kijana mmoja wa Kisauni, Kaviha, mpira ukiwa umeshakwenda.

"Umekwenda umbali gani?" Ngowa akamuuliza shahidi, nahodha wa Kisauni.

"Hatua nne, Bwana Mwenyekiti."

"Hatua za nani?"

Tukapoteza nusu saa kwa hatua za nani. Mzee Nguma akasimama, akapiga hatua nne kutoka ubaoni hadi mlangoni, akaona si mbali, akarudi kwenye chai na hamri lake. Bwana Mwinyihaji akasema nahodha ni mrefu, apunguziwe hatua moja. Musyoka alisimama tu, kofia mkononi, hakuulizwa kitu.

Uamuzi: hakuna kosa, uwanja ulikuwa unateleza. Nimeandika hivyo kwa mwandiko wangu bora. Mvua haijanyesha tangu Februari.

Jumapili 11 Aprili

Ngowa alisoma somo kanisani. Alisoma vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano 14 Aprili

Mvua ya kwanza. Kikao hakikufanyika. Uwanja sasa unateleza kweli.

Jumamosi 24 Aprili

Nyota na Mkomani. Musyoka tena. Safari hii alimfuata mtu aliyeshatoa pasi, akamchota miguu yote miwili kwa nyuma, yule akaanguka kifudifudi matopeni. Refa alikuwa anafuta macho. Refa wetu ana macho yanayoingia maji kila Nyota wakicheza.

Jumatano 28 Aprili

Ngowa aliona aibu kidogo kumwachia tena bure, akakubali apewe barua ya onyo. Niliiandika pale pale. Nikaandika kwamba alimchezea mwenzake rafu kwa kusudi.

"Karani," Ngowa akasema kwa upole, "kusudi ni neno zito. Nani ameingia moyoni mwake? Weka kwa haraka ya mchezo."

Nikaweka kwa haraka ya mchezo. Bwana Mwinyihaji aliniangalia juu ya miwani. Nilidhani anataka kusema kitu, kumbe anauliza saa ngapi, asikose sala ya magharibi.

Nilimpa Musyoka barua mkononi. Aliigeuza upande wa pili akaona patupu. Akaniuliza, "Hii barua inasema mimi ni mubaya?"

"Inasema ulikuwa na haraka."

"Haraka?" akasema. "Mimi sina haraka."

Mtu mwenyewe hata ngeli hazijui. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.

Alhamisi 29 Aprili

Mvua.

Ijumaa 30 Aprili

Mvua. Paa linavuja upande wangu wa kitanda tu.

Jumamosi 8 Mei

Nyota wamewashinda Kisauni mara ya pili. Bao moja. Hakuna aliyeumia, kwa sababu hakuna mtu wa Kisauni aliyethubutu kukaa na mpira. Watu wanaupiga mbele na kukimbia kando, kama wanaotupa nyoka. Huu ndio mchezo tunaouhifadhi kwa kamati.

Wasiwasi wa Ngowa sasa ni Bofu. Bofu ya Likoni wana winga mmoja, Ruwa, mkulima ambaye siku nyingine huvuka kwa kivuko kufanya kibarua bandarini. Wanasema akishika mpira upande wa kulia, humwoni tena mpaka unasikia watu wake wakipiga kelele. Nyota wakishindwa na Bofu, kombe linakwenda Likoni.

Jumamosi 15 Mei

Nimerudi kutoka Bofu, mvua ya njiani imenilowesha nguo zote. Nitaandika polepole.

Asubuhi kulinyesha, mchana kukaanuka. Uwanja wao uko kati ya mashamba, na upande mmoja mahindi yanafika mstarini kabisa. Watu walikuwa wengi. Mimi nilisimama mstari wa kulia, karibu na kona, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu.

Ruwa ni kweli kama wanavyosema. Si mkubwa, mguu mtupu, suruali imekatwa magotini. Mara ya kwanza alipompita Musyoka watu walicheka. Ya pili walipiga vigelegele. Bofu wakapata bao moja. Wakati wa mapumziko nilimwona Ngowa amemvuta Musyoka kando chini ya mnazi, anamsemesha kwa kidole. Musyoka anatazama viatu vyake.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijafika mbali. Ruwa alikuja upande wangu na mpira. Akainua kichwa, akaona mwenzake yuko katikati, akampelekea mpira ule safi. Nikaufuata kwa macho. Mwenzake akaupiga mara moja, ukaingia goli, watu wakaruka. Ruwa alikuwa amesimama mbele yangu, mikono juu, anacheka.

Ndipo Musyoka alipofika.

Nasema ndipo. Mpira umeshatoka mguuni kwa Ruwa, umepigwa na mtu mwingine, umeingia goli, watu wameshapiga kelele. Ndipo akafika, akaruka kwa viatu viwili. Mimi nilikuwa hatua tano. Nilisikia mlio. Ulikuwa kama mtu amevunja kuni kavu kwa goti.

Ruwa hakupiga ukelele. Aliketi, akautazama mguu wake, ambao chini ya goti ulikuwa unaelekea upande usio wake. Akaniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu:

"Limeingia?"

"Limeingia," nikasema.

"Haya," akasema, akalala chali.

Refa alipiga kipenga cha goli. Cha rafu hakupiga.

Walileta kitanda cha kamba, wakambeba mpaka kivukoni. Mkewe, Nyevu, alikuwa analima shamba lililo jirani na uwanja. Alikuja anakimbia na jembe mkononi, akamtazama mumewe, akamtazama Musyoka, na sote tukarudi nyuma. Lakini alilitupa jembe chini, akashika mguu wa kitanda, akaenda na wabebaji. Musyoka alibaki pale pale uwanjani. Mechi iliendelea. Bofu, wakiwa kumi, walifungwa matatu. Ngowa aliwapa watu wake mikono mmoja mmoja.

Jumapili 16 Mei

Nilimwambia Kafedha. Akauliza, "Baba Kache, wewe uliona?"

"Niliona."

"Basi Jumatano mtu huyu amekwisha."

Nikamwambia kamati ina taratibu zake.

Jumatano 19 Mei

Hakukuwa na kikao. Ngowa anasema mvua. Hapakuwa na mvua.

Jumamosi 22 Mei

Habari kutoka hospitali: mguu umevunjika mahali pawili. Wameufunga plasta kutoka pajani hadi vidoleni.

Jumatano 26 Mei

Leo nitaandika yote hata wino ukiniishia.

Darasa lilijaa, na wengine walisimama madirishani. Nahodha wa Bofu alieleza yaliyotokea, akaeleza vizuri: pasi, shuti, goli, kisha mguu. Nilidhani hapo hapana pa kupita. Sikumjua Ngowa bado.

"Nahodha," akasema, "unakubali mpira ulikuwa umeshaingia goli?"

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti. Ndiyo maana nasema..."

"Subiri. Mpira ukiingia goli, mchezo umesimama au unaendelea?"

"Umesimama."

"Mchezo ukisimama, kunaweza kuwa na rafu? Rafu ni kosa la mchezo. Hapakuwa na mchezo. Kamati hii ni ya rafu. Jambo hili si letu."

Mwezi wa nne alimtetea mtu kwamba mpira haukuwa mbali vya kutosha. Leo anamwachia kwa kuwa ulikuwa mbali mno. Na alisema hivyo bila kupepesa jicho. Mzee Nguma alitikisa kichwa kukubali, lakini nadhani ni usingizi.

Hapo Musyoka akanyoosha mkono, kama mtoto wa darasa lile.

"Hujaulizwa," Ngowa akasema.

"Ndiyo. Hata siku ile ingine sikuulizwa." Akasimama. "Mpira ilikuwa imeenda. Mimi niliona imeenda. Niliona imeingia goli. Nikapiga yeye mguu. Nilitaka ivunjike."

 Walio madirishani wakaingiza vichwa ndani.

"Musyoka, umechoka," Ngowa akasema. "Hujui unachosema. Kiswahili kinakushinda."

"Kiswahili kidogo iko. Wewe uliniambia chini ya mnazi, huyu mtu asimalize hii mechi, na kama anamaliza, mimi Jumatatu nisikuje kwa geti. Nikavunja. Sasa mimi siwezi kulala. Mimi nataka kamati inipatie adhabu."

Sijapata kusikia maneno ya wazi namna ile katika darasa lile. Mimi na ngeli zangu zote tulikuwa tumekaa pale tangu Aprili tunasema haraka ya mchezo.

Bwana Mwinyihaji alivua miwani. "Mwenyekiti," akasema, "mtu amekiri. Tena amekutaja. Wallahi huwezi kukaa kwenye kiti hicho dakika moja zaidi."

"Mtu akikiri jambo lisilo letu, bado si letu," Ngowa akasema. Akanigeukia. "Karani, hayo ya mwisho usiyaandike. Andika: ajali ya mchezo, ligi inampa majeruhi pole."

Nahodha wa Bofu alikuwa ananitazama. Musyoka alikuwa ananitazama. Nilikuwa hatua tano siku ile, na katika watu wote wa mle ndani mimi ndiye niliyesikia mlio, nami nilijua kwamba nikifungua mdomo Ngowa atapeleka jina langu kwa bwana wa bohari kabla jua halijachwa.

Nikaandika: ajali ya mchezo.

Ngowa alitia sahihi. Nguma aliamshwa, akatia dole gumba. Mwinyihaji alisukuma kitabu. "Mimi sitii mkono wangu hapa. Nyinyi mwachezea watu." Akachukua mwavuli wake akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakumuaga mtu.

Mimi nilitia sahihi.

Kafedha aliniuliza mlangoni, "Amepata nini?"

"Hakupata kitu."

"Na wewe umesema nini?"

"Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika."

"Una mwandiko mzuri," akasema. Akanipakulia chakula, akaenda kula na watoto nje, barazani, kwenye manyunyu.

Alhamisi 27 Mei

Langoni asubuhi Ngowa aliwaita vibarua kama kawaida. Musyoka alisimama mbele kabisa. Ngowa alitazama juu ya kichwa chake, akamwita aliye nyuma yake.

Ijumaa 28 Mei

Vile vile.

Jumatatu 31 Mei

Vile vile. Anakuja, anasimama, haitwi, anaondoka. Natazama kutoka dirisha la ofisi.

Ijumaa 4 Juni

Leo hakuja.

Jumapili 13 Juni

Nilitumwa Bofu kupeleka barua ya pole. Ngowa aliikumbuka baada ya wiki mbili na nusu, na aliikumbuka kwa sababu watu wa Likoni wanamsema. Nilivuka kwa kivuko baada ya ibada, nikauliza njia, nikafika.

Ruwa alikuwa ameketi kwenye kitanda nje ya nyumba, mguu wa plasta umeinuliwa juu ya gogo. Nyevu alikuwa anapukuchua mahindi ya mwaka jana. Na katika shamba la mahindi mabichi, mgongo wazi, alikuwa Musyoka, anapalilia.

Nilisimama, barua mkononi.

"Yule amekuja Jumapili tatu," Ruwa akasema, kama anayesema habari za mvua. "Anafika asubuhi, analima, jioni anakwenda. Sijamwambia karibu, wala sijamwambia ondoka."

"Mimi nilimwambia aondoke," Nyevu akasema. "Siku ya kwanza nilimtupia mawe. Akangoja nikachoka, akachukua jembe. Sasa alime. Magugu hayamjui mwenye kosa." Akanitazama. "Wewe je? Hiyo ni barua?"

"Ya pole. Kutoka ligi."

"Isome."

Nikaisoma. Ni barua niliyoitunga mwenyewe, ina maneno kama kwa masikitiko makubwa na Mungu akujalie afya. Nilipofika kwenye ajali ya mchezo, alisema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Wewe siku ile ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulikuwa wapi?"

Ruwa akajibu kabla yangu. "Huyu ndiye aliyeniambia limeingia. Alikuwa karibu, kama kutoka hapa hadi pale mlangoni."

Nyevu aliweka gunzi chini. Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu. Aliichukua barua mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaenda nayo kwa Musyoka shambani. Nilimsikia akimwambia, "Shika. Wanasema hukufanya kitu." Musyoka akatikisa kichwa kukataa. Hakuipokea. Yule mama akaiacha ikaanguka kwenye udongo, akarudi kwenye mahindi yake.

Musyoka alinisindikiza mpaka njiani, sijui kwa nini. Nikamuuliza anakula nini siku hizi, maana Ngowa hamwiti. Akasema amepata kuchimba mitaro upande wa Kisauni siku mbili kwa wiki. Nikamuuliza kama anadhani watamsamehe.

"Sikuja kwa kusamehewa," akasema. "Mahindi ilikuwa na nyasi."

Kwenye kivuko nilijaribu kumcheka kama nilivyomcheka Aprili. Kicheko hakikuja. Nikamtafuta mtu mwingine wa kumdharau, nikampata Ngowa, nikampata Nguma, nikampata refa wa machozi. Na kila nilipomaliza mmoja nilijikuta mimi nimesalia kwenye foleni.

Jumanne 15 Juni

Mvua mchana kutwa. Sikuandika.

Alhamisi 17 Juni

Bwana Mwinyihaji alikuja ofisini kwangu, amelowa hadi magotini. Aliniuliza hali yangu, ya mke wangu, ya watoto mmoja mmoja, ya paa. Nilimjibu yote. Kisha akasema katika kanuni za ligi mjumbe anaweza kuita mkutano wa manahodha wote, nao wakazungumza juu ya kamati yenyewe. Amekwenda kwa miguu Kisauni, Mkomani, Likoni, nyumba kwa nyumba. Wamekubali, Jumamosi ya tarehe ishirini na sita.

Mtu huyu niliyemwona mpotezaji wa wakati! Ni salamu zake ndizo zilizomfungulia milango ile yote. Ngowa angekwenda, asingepata hata kiti.

"Nataka shahidi aliyekuwa karibu," akasema. "Nahodha wa Bofu ataambiwa ana upande. Musyoka ataambiwa ana chuki. Nani mwingine alikuwa karibu?"

Alijua. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe.

"Nitatafuta," nikasema.

"Inshallah utampata," akasema, akafungua mwavuli.

Jumamosi 19 Juni

Nyota na Mkomani, suluhu. Sikwenda.

Ijumaa 25 Juni

Nimemwambia Kafedha kesho nitasema, na kwamba huenda nikafukuzwa kazi. Alikuwa anashona nguo ya Kache. Alikata uzi kwa meno.

"Tuna shamba Rabai," akasema. "Hatutakufa. Kula, upumzike."

Jumamosi 26 Juni

Manahodha wanane. Ngowa alikuja na Biblia kwapani. Mwinyihaji aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti, akauliza kama kuna mtu aliyeona jambo la Bofu kwa macho yake, asiye wa Bofu wala wa Nyota.

Niliinuka. Magoti yangu yaligonga dawati.

"Mimi niliona," nikasema. Nikaeleza: pasi, shuti, goli, mikono juu, kisha Musyoka. Nikasema nilimwona Ngowa chini ya mnazi, ila maneno yake sikuyasikia. Nikasema pia siku ile Musyoka alikiri humu humu, nami nikaambiwa nisiandike, nikaacha kuandika.

Ngowa hakupandisha sauti. Alifungua kitabu cha kamati. "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Sahihi hii?"

"Yangu."

"Ulisema uongo siku gani, ile au leo?"

"Ile."

Nilidhani hapo nimeshinda. Nilikuwa hata nimeshaanza kuketi. Nahodha wa Bofu ndiye aliyeuliza, tena kwa sauti ya chini:

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ina sehemu nzuri juu ya wajibu wa karani. Nilipofungua mdomo haikuwamo.

"Niliogopa," nikasema.

Hakuna aliyenisaidia. Nikaketi.

Waliamua hivi. Musyoka asicheze miaka miwili. Yeye mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema asante, na nadhani hakuna aliyewahi kushukuru kwa adhabu katika darasa lile. Nyota wapokonywe ushindi wao dhidi ya Bofu. Ngowa aondoke katika ligi. Alifunga Biblia yake akatoka taratibu, na Jumatatu atakuwa langoni kama kawaida, kwani lango halina manahodha. Mzee Nguma abaki, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeweza kuapa kwamba alikuwa macho wakati jambo lilipoamuliwa.

La mwisho lilitolewa na nahodha wa Bofu: karani aliyeandika uongo naye aondoke. Mikono minane ilinyanyuka. Nilitazama kama wa Mwinyihaji ungebaki chini. Yeye hakuwa na kura. Alitazama mezani.

Walikuwa na haki. Nimelitafuta kosa katika uamuzi ule njia nzima na sikuliona.

Jumatatu 28 Juni

Sikufukuzwa. Bwana wa bohari hana habari na mpira. Mwezi mzima nilimwogopa mtu ambaye hakuwa na habari.

Jumapili 4 Julai

Mwinyihaji aliniomba nipeleke Bofu barua ya uamuzi, kwa vile nyumba naijua. Karani mpya ameiandika mwenyewe.

Ruwa ametolewa plasta. Mguu umekuwa mwembamba kama mpini, na umepona kwa kupinda. Anatembea kwa fimbo, na kila hatua bega moja linashuka. Hatacheza tena, na alivyoniona namwangalia alijua najua. Nyevu aliniambia nisome. Nilisoma nikiwa nimesimama. Barua ni fupi, inasema Musyoka alimvunja Ruwa mguu akijua mpira umeshakwenda, na kwamba mwenyekiti wa kamati ndiye aliyemtuma.

"Basi?" Nyevu akauliza.

"Basi."

Aliipokea, akaipeleka ndani. Nilimsikia akifungua sanduku na kulifunga.

Musyoka alikuwa shambani, anapiga matuta ya viazi. Mvua imepungua siku hizi, udongo umeshikana, na alikuwa ametota jasho. Ruwa alijikokota kwa fimbo yake mpaka ukingo wa shamba. Alisimama pale kwa muda mrefu, akitazama matuta. Musyoka alimwona, akaacha jembe, akangoja.

"Tuta la tatu umelipinda," Ruwa akasema.

Ni neno la kwanza alilomwambia tangu mwezi wa tano. Musyoka aligeuka akalitazama lile tuta. Kisha akarudi mwanzoni mwake, akalibomoa, akalianza upya, na Ruwa akawa anamwongoza kwa fimbo: kushoto, kushoto kidogo, hapo.

Nyevu alitoka na maji. Alimpa mumewe, kisha akaweka kata ya pili chini ukingoni, bila kumwita mtu, akarudi jikoni.

Nilikaa nikingoja labda nami nitaambiwa neno. Jua lilipita juu ya mahindi. Walimaliza tuta la tatu, wakaanza la nne. Hakuna aliyenifukuza. Nikashika njia ya kivuko.